Joto la Chwele Siku ya Soko

Jumatatu, mwezi wa nne. Mvua ilianza kabla ya saa tatu, ikanyesha taratibu mpaka mchana. Nimekaa ndani hapa Matisi, nikaona niandike jinsi kazi yetu ilivyofanywa. Shule sikufika mbali; nikikosea, wanaojua watanirekebisha.

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kampuni yetu ya mtandao, Kitale, Mkuu wa Mitambo alinikalisha mbele ya kompyuta moja. "Hii haifanyi kitu ingine," akasema. "Inauliza tu kila kifaa chetu: uko sawa? Kila dakika tano." Vifaa vyenyewe vilikuwa swichi, yaani masanduku yanayogawa mtandao, kila moja kwenye kibanda chake, toka Kiminini mpaka Chwele. Swichi ilijibu joto lake, feni zake, umeme wake. Joto likipita kiwango tulichoweka, simu zetu zililia. Kila swichi ilikuwa pia na mlango wa kuingilia kutoka mbali ili tuirekebishe, na mlango huo ulikubali kompyuta za ofisi tu. Wakati huo sote tuliingia kwa jina moja na pasiwadi moja. Tuliona ni undugu.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma, nikapewa kibanda cha Chwele. Swichi ya huko ililia joto kila siku ya soko; siku zingine ilinyamaza. Nikachoka. Nikaamini kipimo chake kinadanganya, nikaingia nikapandisha kiwango ili itulie. Sikumwambia mtu.

Wiki mbili hazikuisha, siku ya soko, ikazima kabisa. Zahanati na maduka ya hapo yakakosa mtandao. Mkuu akaja kutoka Kitale, tukakutana kibandani. Mlinzi wa pale alikuwa Mama Nekesa, mjane aliyesomesha watoto kwa mshahara huo.

"Si ni wewe unachomoa waya ili uchaji simu za watu?" Mkuu akamwuliza.

"Mimi? Ati nichomoe? Hata kugusa hiyo kitu naogopa, bwana mkubwa."

"Kesho usije. Nitaleta mwingine."

Kwa haki, Mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kumfumania mlinzi wa kibanda kingine akifanya hivyo hasa. Mimi ndiye niliyekaa kimya. Rekodi ingeonyesha tu kwamba kiwango kilibadilishwa kwa lile jina letu sote, na nililijua hilo vizuri.

Nikazunguka nyuma ya kibanda, nadhani nilikuwa nakimbia macho ya yule mama. Huko nikakuta magunia ya vitunguu yamepangwa ukutani mpaka juu, yameziba matundu ya hewa. Wachuuzi waliyaweka pale kila siku ya soko, chini ya upenu. Swichi haikuwa imedanganya hata mara moja.

Nikarudi. "Mkuu, ilikuwa inatuambia. Ni mimi niliinyamazisha."

Nikawaonyesha magunia. Mama Nekesa akayatazama. "Na mimi niliwaachia," akasema. "Niliona mvua itawaharibia mali. Sikujua nyumba inapumua."

Mkuu akavua kofia. "Nyinyi mtanipandishia presha, bana. Mama, kesho uje. Na wewe, kuanzia leo kila fundi ataingia kwa jina lake, na utayatengeneza wewe, moja moja."

Nikapewa barua ya onyo, niliistahili. Nikatengeneza majina, nikarudisha kiwango. Mama Nekesa akachora mstari wa chokaa hatua mbili kutoka ukutani, na hakuna gunia lililouvuka tena.

Sasa nimestaafu. Vijana waliochukua nafasi zetu ni wepesi kuliko tulivyokuwa, na wananisikiliza nikiwaambia kifaa kikilia siku ileile kila wiki, waende wakakitazame kwanza. Kama nilikuwa fundi mzuri, sijui. Najua Mama Nekesa alilinda kibanda kile mpaka akaacha mwenyewe kwa uzee.

Jioni tumekula ugali na omena, iliyokaangwa kwa vitunguu alivyotutumia kutoka Chwele. Gunia zima. Mke wangu ameliweka mbali na ukuta.