Daktari Alisema Ini, Mume Wangu Akasema Tusubiri

Mhariri, jina langu libaki kwako, maana kijiji chetu ni kidogo. Nina miaka ishirini na mbili, nimesoma hadi darasa la nne, naishi milimani juu ya Lushoto. Mwanangu wa kwanza ana miezi saba.

Matumbo yake yalijisokota, tukateremka naye hospitali kubwa, wakakata kipande. Tangu hapo hakuruhusiwa hata tone la ziwa langu. Alilishwa kwa dripu, chakula kikipita mshipani, wiki baada ya wiki. Mimi nakamua maziwa namwaga, huku nalia.

Wiki ya nne macho yake yakawa manjano kama bizari. Daktari ni mgeni, Kiswahili hajui. Akaongea na mume wangu, karani wa kijiji, anayejua Kiingereza. Waliongea kirefu. Nikauliza, "Baba mtoto, anasemaje?" Akajibu, "Anasema tusubiri."

Mama mkwe alipokuja nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alifunua macho ya mtoto, akasema, "Huyu kabemendwa. Mwanamke ananyonyesha huku anatembea na wanaume, mnategemea nini?"

"Mama, mbona hata hanyonyi!"

"Na kabla ya hapo alikuwa ananyonya mawe?"

Mume wangu akatazama viatu vyake. Maneno yakapanda mlima kabla ya basi. Dada yangu anasema kwenye shamba la ujamaa wanawake wanapalilia na jina langu mdomoni.

Juzi muuguzi mmoja akanikuta nalia. "Dada, chakula cha mshipani kikienda muda mrefu huweza kulichosha ini, ndiyo manjano hayo. Bila dripu angekufa. Kwani daktari si alimweleza baba yake?"

Nilipombana mume wangu alisema, "Karatasi ya dripu nilisaini mimi. Mama ningemwambiaje?"

Kumbe bora mimi niitwe malaya.

Namshukuru Mungu, wameanza kumpa maziwa yangu, kijiko kimoja kimoja, dripu inapunguzwa na weupe unarudi machoni. Mume wangu anataka tukiruhusiwa turudi kimya kimya. "Yamekwisha, mama mtoto." Kwa mama yake hataki kufungua kinywa. Nami bado nampenda.

Wasomaji wenzangu, hasa kina mama, nielekezeni: nipande naye mlimani nikiwa na doa hili, au nikae kwa wazazi wangu mpaka atafsiri upya maneno ya daktari, yote, mbele ya mama yake?