Taa za Ukindu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka uso unaniwaka. Nilikuwa msichana, tumehamia Temeke kutoka Lindi, na kazi niliyoijua barabara ilikuwa moja tu: kusuka ukindu. Miaka ile ya Ujamaa watu walifanya kazi kwa vikundi vya ushirika, na wanawake wa mtaa wetu tulikuwa na chetu, cha mikeka.

Mtaani palikuwa panajengwa ukumbi wa mikutano. Aliyeuchora ni Mzee Elinami, msanifu majengo kutoka Upare, mpole wa sauti na mgumu wa kazi. Wenzake jengo likishaezekwa walikwenda zao. Yeye alichora mpaka benchi utakalokalia na taa itakayoning'inia juu ya kichwa chako. Kamati ya ukumbi ilitaka taa za vioo vya kumeremeta kama za hotelini mjini, ziagizwe kutoka nje. Mzee Elinami akakataa, akasema zitasukwa hapahapa kwa ukindu, balbu ikae ndani. Wakamwambia alete moja Jumamosi. Ikiwaridhisha, kazi ni ya kikundi chetu, isipowaridhisha, vioo.

Kuisuka nikapewa mimi. Sasa sikiliza nilivyofanya. Kwetu msichana akichumbiwa, wakwe huuchukua mkeka wake wakauinua juani. Wakiona hata kitundu kimoja cha mwanga, hutazamana, na hapo jina lako limeshaharibika. Mikeka yangu jua lilikuwa halipenyi. Basi na ile taa nikaisuka vivyo hivyo, ukili, ule utepe wa ukindu, umebana, nakshi nyekundu na zambarau mpaka chini. Mama aliigeuzageuza akasema, "Hii sasa ndiyo kazi." Nikavimba kichwa.

Jumamosi wakafunga madirisha, wakawasha. Mwanangu, giza! Taa ilimulika kiduara sakafuni, ukubwa wa sinia, basi. Mwenyekiti wa kamati alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ndugu Elinami, mmetuletea tenga la kuku?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee Elinami hakucheka, wala hakunitetea. Alinipeleka nyuma kabisa ya ukumbi, akanikalisha kwenye benchi la mwisho.

"Kwenye mikutano yenu, huku nyuma hukaa nani?"

"Akina mama."

"Mwenyekiti huwaona?"

Nikatikisa kichwa. Tulikuwa tukikutana kwenye banda lenye karabai moja tu, nayo ipo mezani kwa wakubwa. Mama yangu alikuwa akinyoosha mkono mpaka unachoka, kisha anarudi nyumbani na hoja yake.

"Umesuka ili usifiwe usukaji," akaniambia. "Mimi nataka anayekaa hapa aonekane uso. Fumua."

Akaiomba kamati Jumamosi nyingine. Walikubali kwa kumheshimu yeye, si kwa kuniamini mimi.

Nilifumua huku nalia kwa hasira, kisha hasira ikageuka ubishi. Nikaapa kwamba taa hii itawaka, na vioo vyao wavitafutie ukumbi mwingine. Rangi nikaziacha zote. Nikasuka ukili mwembamba, nikaacha nafasi kati ya mshono na mshono. Kila nilipoimaliza nilikwenda kuiwasha, nikakaa benchi la nyuma, nikaona bado, nikarudi kufumua. Mama hakupenda hata kidogo.

"Umesuka chandarua wewe! Majirani watasema mie sikukufunza."

"Watasema, mama, na taa itawaka."

Ndiyo, nilimjibu mama yangu hivyo. Wewe usinijaribu.

Jumamosi ya pili mwenyekiti hakucheka. Alitembea mpaka nyuma, akarudi mbele, akageuka kutazama benchi moja moja. "Haya," akasema, "sukeni zilizobaki."

Mkutano wa kwanza ulikuwa jioni, baada ya magharibi. Mama alikaa nyuma kama kawaida yake, amenuna, hataki hata kuzitazama zile taa. Mazungumzo yakafika kwenye maji. Akanyoosha mkono. Hata hajaunyoosha sawasawa, mwenyekiti akasema, "Mama wa nyuma pale, mwenye kanga ya bluu. Sema, tunakusikiliza."

Mama akageuka kuangalia kama kuna mwingine nyuma yake. Palikuwa na ukuta tu. Akasimama, akasema habari za bomba letu zote, nusu yake alikuwa ameibeba tangu mwaka uliopita. Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema.

Mwanangu, wewe unayejifunza kuchora viti na taa, watazame wasanifu wakubwa wa dunia, uwapende, wengi wanastahili. Lakini ukimaliza kuchora kiti, kakikalie. Ukitengeneza taa, usisimame chini yake ukajipongeza. Nenda kakae pale ambapo mwanga unafika kwa taabu, umuulize anayekaa hapo anaona nini, naye anaonekana vipi. Ukiambiwa fumua, fumua, hata kama kazi imependeza mno. Na ukishafumua usiondoke. Kaa, suka tena.

Mungu akupe mikono isiyochoka kurudia, na kila utakachokitengeneza kimfae mtu ambaye hakuna aliyemfikiria. Radhi zangu unazo, mwanangu. Nenda kafanye kazi.