Ploti Mia na Kumi na Nane

Annah Nzula alipanda ngazi za lile jengo la River Road ameziba pua kwa ncha ya leso. Ngazi zilinuka mkojo. Ofisi ya kampuni ya kununua mashamba, ghorofa ya tatu, ilinuka mkojo na mafuta ya chipsi. Miaka tisa alikuwa amefua nguo na kutandika vitanda vya matajiri kule Karen ili apate ploti moja Kabiria, na jana mlinzi wa shamba alimwambia ploti yake haina mwenyewe.

Karani, Jamleck, alipangusa vidole vya mandazi kwenye suruali, akatazama kompyuta.

"Uko hapa, mama. Mwanachama mia nne na mbili. Lakini kwa nambari ya ploti hakuna kitu."

"Ni mia na kumi na nane."

"Hapa ni tupu. Na ploti isiyo na mtu, kamati inaigawa upya Ijumaa."

Annah aliinamia meza. "Nani alinifuta?"

"Hakuna aliyekufuta. Saveya alileta nambari mpya za wale waliopimiwa upya. Nikaziweka kwa jedwali la pili, nikaandika amri moja ya SQL, ile lugha ya kompyuta: kila mwanachama apewe nambari iliyo kwa jedwali la saveya."

"Mimi nilipimiwa upya?"

"Hapana. Wewe hukuwa kwa orodha yake."

"Sasa mashine ikanipa nini?"

Jamleck alijikuna shingo. "Ilikutafuta kule ikakukosa. Ikaweka utupu."

Annah hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini kazi ya kipumbavu aliitambua akiiona.

"Mama wa nyumba akinipa shuka safi tano na vitanda ni saba, mimi navua vitano. Wewe umevua vyote saba, viwili ukaviacha godoro tupu, halafu unaniambia kitanda hakina mtu! Ptuu!"

Mwanamke aliyekuwa akingoja kwenye benchi aliangua kicheko. "Mwambie, mama! Mwambie huyo!"

"Nilipaswa kuongeza sharti," Jamleck alinung'unika. "Iwabadilishie tu wale walio kwa orodha ya saveya."

"Na hukuongeza. Ulibakisha nakala ya zamani?"

Jamleck alitikisa kichwa.

"Kile kitabu kikubwa basi. Kile tulichotia sahihi."

Kilikuwa sakafuni, kimewekewa birika la chai juu. Annah alikipekua mwenyewe, kurasa zikigandamana kwa sukari, mpaka akaona alama ya kidole gumba chake, iliyokatwa katikati na kovu la panga. Kando yake paliandikwa 118. Jamleck aliandika amri nyingine, safari hii ya mwanachama mia nne na mbili peke yake, na nambari ikarudi.

"Haya, imerudi. Nenda nyumbani, mama."

"Wamebaki wangapi bila nambari?"

"Thelathini. Watakuja wenyewe."

Baadhi ya hao thelathini walimcheka siku ile alipochovya kidole kwenye wino, wao wakiandika majina yao kwa madaha. Hakuwapenda, na hakuanza kuwapenda sasa. Lakini chumba chenye vitanda vilivyovuliwa nusu kilimchefua kuliko zile ngazi. Alivuta kiti mpaka mezani, akaketi.

"Fungua kitabu ukurasa wa kwanza," alisema. "Na kanawe mikono."