Gego Lisilo na Mzizi

Nilikuwa na miaka kumi gego langu la chini liliponitoka nikitafuna mahindi ya kuchoma, nyumbani kwetu karibu na Mosocho. Halikuniuma sana. Nililitema kiganjani nikampelekea mama, nikidhani atacheka kama alivyocheka yaliponitoka meno ya mbele.

Hakucheka. Aliligeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Juu lilikuwa gego kamili, pana kama la mtu mzima. Chini palikuwa tupu, kingo zimemeguka-meguka.

"Mzizi uko wapi?"

"Sijui, mama."

"Basi limevunjika. Mzizi umebaki ndani."

Alinilaza mapajani, akachukua mwiba akaanza kuuchokoa ufizi. Nilipiga mayowe. Damu ilipomwagika alishtuka kuliko mimi, akautupa mwiba, akalifunga lile jino kwenye pindo la nguo yake, tukashika njia ya Kisii kwa miguu.

Hospitalini tulipokewa na dresa mmoja, mhudumu wa kufunga vidonda, mtu wa upande wa ziwani, mpole wa sauti. Yeye hakujua Ekegusii, lugha yetu, na mama hakujua Kiswahili, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, na Kiswahili changu cha darasani.

Dresa alilitazama jino, akanitazama mdomoni.

"Mwambie mama asiogope. Hili ni jino la utoto. Mzizi lilikuwa nao. Lakini jino jipya linapopanda kutoka chini, mwili wenyewe huula mzizi wa lile la zamani, kidogo kidogo, mpaka likose cha kulishikilia."

Nikatafsiri nilivyoweza: "Anasema mzizi umeliwa."

Mama alinivuta kwake. "Umeliwa na nani?"

Dresa hakuhitaji mkalimani kuuelewa uso ule. Alimpa mama maji na sabuni anawe, kisha akakiongoza kidole chake hadi kwenye pengo langu. "Hapo. Unasikia kitu kigumu?"

Mama alipapasa. Ncha ya jino jipya ilikuwa pale pale, chini ya damu. Pumzi ilimtoka kwa nguvu, akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Na ya watu wazima je?" akauliza kupitia kwangu. "Nayo mizizi yake huliwa?"

"Hapana, mama. Yale ni ya kudumu." Dresa akafungua kinywa na kutuonyesha. Meno sita ya chini hayakuwepo, kama ilivyokuwa desturi ya kwao. "Haya niling'olewa nikiwa kijana. Yalitoka na mizizi mirefu, na hayakuota mengine."

"Likivunjika, mzizi ukabaki?"

"Mtu aje hapa utolewe. Ukiachwa unaweza kuoza, usaha ukaenea."

Nilipomaliza kutafsiri, mama alilichukua jino akalifunga tena pindoni. Alimshukuru dresa kwa kichwa tu, tukaondoka.

Tulikuwa tumeshauacha mji nyuma ndipo akasema, "Dada yangu alivunjika gego. Alikuwa mtu mzima, ana mtoto mgongoni. Tukasema litapoa lenyewe. Shavu likavimba, uvimbe ukashuka shingoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha uji, mpaka siku aliyoshindwa kumeza."

Sikuwahi kusikia kwamba nilikuwa na mama mkubwa. Nilitaka kumwambia kwamba hakujua, kwamba hakuna aliyemwambia, lakini maneno kama hayo mtoto hamwambii mzazi wake. Nikamuuliza dada yake alikuwa anaitwaje.

Alinitajia jina. Kisha, bila mimi kuuliza, akanieleza jinsi alivyokuwa akiimba akipalilia wimbi, na jinsi alivyokuwa hodari wa kusuka vikapu, na kwamba aliogopa sana ngurumo. Alisema mengi siku ile kuliko alivyozoea kusema kwa juma zima. Nilitembea kando yake, ulimi wangu ukigusa ile ncha mpya, nikisikiliza mpaka tukafika nyumbani.