Chokaa Niliyoifuata Baharini

Zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa, huku Kwedizinga, ilikuwa imeshaezekwa. Kilichobaki ni kuta, maana masika huutafuna udongo mtupu. Mimi ndiye niliyekuwa fundi, na niliahidi mkutanoni kwamba nitazipaka chokaa. Nikatumwa Tanga kuleta matumbawe, yale mawe ya baharini yanayochomwa yakawa chokaa.

Asubuhi nilidandia lori hadi Segera, nikala machungwa, nikapata lori jingine. Jioni nilikuwa Tanga kwa shemeji yangu Sefu, mume wa dada yangu. Kazi yake ilikuwa kupiga mbizi na kulinda mwamba uliohifadhiwa na serikali.

"Pale havunji mtu, shemeji," aliniambia nilipomweleza nilichofuata.

"Mawe tu yale! Watu wanasubiri zahanati!" Nilikasirika kwelikweli.

Hakubishana. "Kesho twende ukayaone yakiwa kwao."

Kesho yake, mashuani, alinifunga mtungi wa hewa mgongoni, akanipa mpira wa kuvutia pumzi niume, akanishika mkono, tukazama. Mimi maji yangu ni ya kisimani. Nilisoma dua zote nizijuazo, kisha nikafumbua macho. Samaki wa manjano na wa buluu walikuwa wakidonoa bila kunijali. Sefu akanisogeza kwenye jiwe moja. Lilikuwa limejaa vinywa vidogo kama punje za mtama, na nilipopitisha kidole vikanywea. Mbele kidogo wachoma chokaa walikuwa wamevunja zamani. Palikuwa kifusi cha kijivu, samaki hakuna. Nilisikia aibu nikikumbuka nyundo niliyokuja nayo kuyavunja, iliyokuwa mfukoni kule nyumbani kwake.

"Patapona lini?" nilimwuliza tulipopanda mashuani.

"Labda wajukuu zetu watapaona."

Wakati wa kurudi nilipitia Korogwe kutafuta saruji. Madukani hamna. Nikaingia kijijini mikono mitupu.

"Chokaa iko wapi, fundi?" aliuliza mwenyekiti mbele ya watu.

"Yale mawe yana uhai, mwenyekiti. Yana vinywa."

Mkutano ukaangua kicheko. Mama Zaina, aliyekuwa mjamzito, hakucheka.

"Kuta zikidondoka, sisi tutajifungulia wapi?"

Swali hilo liliniuma kuliko kicheko. "Hazitadondoka, mama. Nitazikandika mwenyewe kila mwaka."

Nilijifunza kwamba ukishakiona kitu kikiishi, huwezi tena kukiita jiwe, hata kama unakihitaji sana. Basi kila masika yakiisha nachanganya udongo na samadi, nakandika upya, peke yangu, mgongo ukilalama. Watoto wanazaliwa pakavu.