Mawe Niliyoyaosha Urambo

Kilichoniondoa Tabora ni kiburi. Dakta Lugembe, mtaalamu wa mambo ya kale, alikuja kwangu akitafuta mtu wa kumsaidia kuchimba. Nikamwambia, "Shule niliacha darasa la pili, lakini sijajenga nyumba ikaanguka. Mawe nayajua kuliko wewe."

Akacheka. "Basi twende, fundi."

Asubuhi tulipanda treni hadi Urambo. Toka stesheni tukadandia trekta la kijiji cha ujamaa, tukapita mashamba ya tumbaku mpaka pale njia ya zamani ya misafara inapovuka kijito.

Hapo tulimkuta Speransia, mkimbizi kutoka Burundi. Likizo zake zote Dakta alizimalizia kuwafundisha wanafunzi kama huyu. Chuo kilimtaka Speransia alete ripoti pamoja na zana za mawe za watu wa kale alizochimbua. Kikiridhika, anapata nafasi. Kisiporidhika, anarudi kambini kulima.

Siku ya nne wenzangu walikwenda kijijini kuaga. Nikayaona mawe yamejaa vumbi. Mimi sikabidhi kazi chafu. Nikayasugua kwa gunzi na maji, yakang'aa.

Speransia aliporudi aliketi chini pu! "Mzee, namba ziko wapi?"

"Namba gani?"

"Za wino! Ndizo zinazoonyesha kila jiwe limetoka kina gani. Sasa ni kokoto tu."

Dakta hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniuma. Na treni ilikuwa kesho yake.

"Uliyachora?" nikauliza.

Akafungua daftari. Kila jiwe lilikuwemo, na namba yake. Kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, lakini jiwe nikilishika najua lilipogongwa. Nikawa nalinganisha moja moja, yeye anaandika.

"Hili, fundi wake alikuwa na haraka," nikasema.

"Kama wewe, mzee."

Nikachukua jiwe lingine.

Jua lilipokaribia kuzama yakabaki mawili, yanafanana kama mapacha.

"Weka namba yoyote," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua." Akaandika: haijulikani.

"Watakukataa!"

"Wakikataa, wakatae."

Tukarudi Tabora. Baada ya miezi kadhaa ikaja barua, nikasomewa: Speransia amepata nafasi. Walimu walimuuliza kwanza juu ya yale mawili, na jibu lake kwamba hajui likawaridhisha.

Tangu hapo mteja akiniuliza nisilolijua, namwambia sijui. Wanaonifahamu hushtuka.