Miwani ya Meneja

Meneja wa karakana ya vitanda vya chuma pale Igoma hugonga kitanda kwa kucha tu, akajua ni wapi uchomeleaji haukushika. Mikono yake ina makovu madogo ya cheche, na sauti yake huishinda mashine ya kusagia chuma. Lakini simu janja ya ofisi, ambayo tangu Pasaka ndiyo inayopokea oda zote kwa ujumbe, huishika kwa ncha za vidole kama sufuria iliyotoka jikoni, kisha humsukumia karani wake, Odeta. “Nisomee, mwanangu. Miwani nimeisahau nyumbani.” Odeta husoma, hubonyeza majibu. Miwani huwa inachungulia kwenye mfuko wa shati.

Leo Odeta anaanza likizo ya uzazi, na bajaji inamsubiri nje. Simu ikalia mlio wa ujumbe, Odeta akauchungulia na kuusoma. Shule moja ya bweni inataka vitanda. Isipojibiwa upesi, oda itahamia karakana nyingine, na mafundi hapa wameshinda wiki nzima wakicheza drafti. Meneja akaisukuma simu. Odeta hakuipokea.

“Na kesho, mzee? Utanifuata leba?”

Mafundi wakaacha drafti, wakasogea mlangoni. Jasho likamtoka meneja juu ya mdomo.

“Dereva anakupigia honi,” alisema.

“Namsikia.” Odeta akaketi tena, mkoba mapajani.

Meneja akawatazama mafundi, akaitazama simu. Kisha akaitoa miwani mfukoni, akaivaa mbele ya wote.

“Haya,” alisema, kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia. “Naanzia wapi?”